Udi Chumbani kwa Bi Mkubwa

Mwanakombo alipoolewa na fundi Shomari, majirani wa Temeke hawakuuliza kwa nini. Habari ilikuwa imeshafika mpaka kisimani: bi mkubwa, Mwanaheri, amemfungia mumewe mlango. Hawakugombana, wala hakurudi kwao. Alimpikia, alimfulia, alimtengea maji ya kuoga, lakini ikifika saa ya kulala huingia peke yake chumba cha pili, akimwacha binti yao Somoe alale ukumbini, na komeo likawekwa kwa ndani. Shomari alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, mmoja wa mafundi waliojenga zile nyumba za Serikali zilizokuwa zikiota Temeke miaka ya baada ya vita. Alivumilia, akasubiri, mwisho akatuma wazee. Mwanaheri aliwasikiliza, akawapa kahawa, akawajibu kwa neno moja tu: "Mwambieni aoe. Mie nimeridhia."

Basi akaoa. Mwanakombo alikuwa ameachika mara moja, hana mtoto, na aliingia nyumba ile roho juu, akijua kuwa mwanamke anayemridhia mwenzake kirahisi hivyo lazima ana lake jambo. Lakini Mwanaheri alimpokea vizuri. Alimwonyesha jiko, akampa kanga mpya, akamwambia, "Chumba chako ni hicho cha mkabala. Kisima kiko nyuma ya kwa Mzee Mwinjuma. Ukihitaji kitu uniite, ila usinifungulie mlango."

Hilo la mlango ndilo lililomkaa Mwanakombo kichwani. Hilo, na udi. Chetezo cha bi mkubwa hakikupoa. Asubuhi udi, mchana udi, alasiri ubani na karafuu juu yake, moshi ukipita chini ya mlango na kujaa ukumbini mpaka macho yakawasha. Mwanaheri mwenyewe alitembea amejitanda kanga tatu hata jua linapochoma, na mkono wake wa kushoto ameubana ubavuni kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Hakuoga na wanawake wenzake. Hakumruhusu mtu kumsuka. Somoe, msichana aliyekuwa anakaribia kuvunja ungo, akimkimbilia mama yake kumkumbatia, mama humzuia kwa kiganja.

Mwaka ule Mwanakombo alishika mimba, na mimba ikatoka. Shangazi yake alikuja kumkanda, akavuta pumzi pale ukumbini, akatikisa kichwa. "Mtu anayefukiza mchana kutwa ana kitu anakilisha humo ndani," alimnong'oneza. "Na wewe mwanangu ndiwe chakula."

Maneno yale yaliota. Kila moshi ulipopita chini ya mlango, Mwanakombo alikiona kichanga chake ambacho hakupata hata kukipa jina. Akaacha kula chakula alichopika mwenzake. Akaacha kumwamkia. Mwanaheri aliliona hilo, akaendelea kumtengea sahani yake.

Siku moja, adhuhuri, Shomari akiwa kazini na Somoe yuko chuoni kwa mwalimu wa Kurani, Mwanakombo alisikia mguno kutoka chumba cha pili. Ulikuwa mguno wa mtu anayeng'ata kitu asipige kelele. Akajua ndiyo saa yenyewe, sasa atamfumania na uchawi wake, atawaita majirani waone. Alivuka ukumbi peku. Akausukuma mlango, na mlango, uliokuwa haujatiwa komeo sawasawa, ukafunguka.

Mwanaheri alikuwa ameketi juu ya kigoda, kanga imeshuka kiunoni, kitambaa amekiuma kwa meno. Mbele yake palikuwa na bakuli la maji ya chumvi. Titi la kulia lilikuwa titi la mwanamke yeyote aliyenyonyesha. La kushoto halikuwa titi tena. Lilikuwa limekauka na kuvutwa ndani, gumu kama fundo la mti, ngozi yake imefanya vishimo kama ganda la chungwa, na katikati palikuwa pamepasuka donda lenye kingo zilizobenuka, linatoa maji na damu. Na chini ya ule udi wote, harufu. Mwanakombo alielewa papo hapo udi ulikuwa wa nini.

Mwanaheri alikitoa kitambaa mdomoni, akajaribu kupandisha kanga, mkono wa kushoto ukakataa kunyanyuka.

"Funga mlango," alisema. "Nzi wataingia."

Mwanakombo aliufunga. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu.

"Ulidhani nakuloga," Mwanaheri alisema. Hakuuliza, alisema tu.

"Nilidhani, bi mkubwa."

"Hata mie ningedhani." Akacheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye maumivu. "Lilianza kama punje ya choroko. Haliumi, haliwashi, liko tu, ukilisukuma linateleza. Nikamshikisha Baba Somoe. Akaniambia ni maziwa ya Somoe yaliyoganda, yataisha yenyewe. Somoe alikuwa ameshaacha ziwa miaka mingi. Lakini na mie nilitaka yawe maziwa, nikakubali. Likawa kama kunazi. Likawa kama yai. Nikaenda kwa mganga, akanipa majani ya kubandika. Nikanywa makombe ya aya za Kurani. Siku lilipoanza kuvuja nikahama chumba. Ningemlazaje mtu kwenye uvundo huu?"

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Aje anione hivi? Heri adhani nina kiburi. Mwanamke mwenye kiburi bado ni mwanamke." Kisha sauti yake ikabadilika. "Na Somoe je? Watu wakijua mama yake ameoza ziwa, nani atakuja kuposa? Watasema ni la ukoo. Mwanakombo, niapie. Usimwambie mtu."

Mwanakombo aliapa. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, alisogea, akakichukua kile kitambaa, akakikamua ndani ya bakuli, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi yale yaanze, mtu mwingine akamwosha Mwanaheri kifua. Bi mkubwa aligeuza uso ukutani. Alilia bila sauti, na Mwanakombo hakujua kama analia kwa uchungu wa donda au kwa kuguswa.

Tangu siku hiyo wakawa na siri moja. Majirani waliona wake wenza wamepatana ghafla, wakasema fundi Shomari ana bahati. Mwanakombo alifua vitambaa vya donda, akavianika ndani ya chumba visionekane uani, akachota maji mara mbili ya kawaida. Kila alipogusia hospitali, jibu lilikuwa lile lile: "Nivue mbele ya Mzungu, mwanamume, halafu aniambie nife? Kufa najua kufa mwenyewe." Lakini donda halikungoja. Mkono wa kushoto ulianza kuvimba, vidole vikawa kama mihogo, bangili ikabidi ikatwe. Siku aliyomwona Mwanaheri ameshindwa kujifunga kanga yake mwenyewe, Mwanakombo alitoka, akaenda moja kwa moja kwa Apolonia Kokushubila, akakivunja kiapo chake.

Apolonia alikuwa Mhaya, nesi wa zahanati, mke wa karani mmoja aliyeitwa Theonest, wakikaa katika nyumba za Serikali. Watu wa mtaa walimheshimu kwa mbali, kwa vile alikuwa Mkristo, wa bara, na Kiswahili chake kilinyooka mno. Alisikiliza, hakuuliza maswali mengi. Alivaa kanga juu ya gauni lake kama mtu anayekwenda kutazama mkeka unaouzwa, akaja.

Mwanaheri alipomwona mlangoni alimtazama Mwanakombo jicho ambalo Mwanakombo hakulisahau maisha yake yote.

"Umeapa," alisema.

"Nimeapa, dada. Mungu ataniuliza. Lakini sitakaa nikuoshe mpaka ufe."

Apolonia alinawa, akapiga magoti. Aligusa pembeni ya donda, akapanda kwapani, akakaa hapo muda mrefu vidole vikitafuta. Chini ya kwapa kulikuwa na matezi magumu yaliyoshikana. Akagusa na juu ya mtulinga. Alipomaliza alimfunika mgonjwa vizuri, akamfunga kanga kama mtu anayemvisha mama yake.

"Mama Somoe, ugonjwa huu unaitwa kansa. Haukuletwa na mtu, wala si uchafu, wala si adhabu. Huwapata wanawake wa Bukoba, na Wahindi, na Wazungu wenyewe. Sitakudanganya, tumechelewa. Lakini ni lazima daktari akuone."

"Kama ningekuja likiwa choroko?"

Apolonia alimtazama usoni. "Wangelikata," alisema. "Wengine hupona."

Mwanaheri alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho duka lake limeshafungwa.

Kumwambia Shomari ikawa kazi ya Mwanakombo. Alimkuta uani alasiri, ananawa chokaa mikononi. Alimwambia akiwa amesimama, maneno yote kwa mkupuo mmoja, ile punje, yale maziwa yaliyoganda, donda, udi. Shomari aliendelea kunawa. Alinawa mpaka maji ya kopo yakaisha, akaendelea kusugua mikono mikavu. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha pili, mlango ule uliomwaibisha mbele ya mtaa mzima.

"Mama Somoe," aliita. "Nifungulie."

Alifunguliwa. Mwanakombo hakuingia. Alisikia sauti ya mwanamume mzima anayelia, na sauti ya Mwanaheri ikimtuliza yeye: "Basi, Baba Somoe. Basi. Hukujua. Sote hatukujua."

Walikwenda hospitali ya mjini kwa basi, Mwanaheri katikati, Shomari upande mmoja na Mwanakombo upande wa pili, Apolonia amewatangulia kuwatengenezea njia. Daktari alikuwa Mzungu mzee mwenye mikono baridi. Hakumkemea mtu. Alitazama, akasikiliza mapafu, akamgonga mgongo, na mahali fulani kwenye uti Mwanaheri akaruka kwa maumivu. Daktari aliongea na Apolonia kwa Kiingereza, naye akaeleza: kisu hakiwezi kuukamata ugonjwa tena, umeshasambaa. Watampa dawa ya kupaka donda lisinuke, na dawa ya maumivu. Arudi nyumbani, akae na watu wake.

"Sawa," alisema Mwanaheri. "Muulize mara moja tu. Binti yangu?"

Apolonia aliuliza. "Anasema hana uhakika. Anasema binti ajifunze kujigusa, na akiona chochote asingoje."

Siku za mwisho zilikuwa mbaya. Hakuna namna ya kuzisimulia zikawa nzuri. Mwanaheri aliyekuwa akifagia ua kabla ya jogoo hakuweza tena kugeuka kitandani. Kila pumzi ilikuwa kama anaipandisha mlimani. Shomari aliacha kazi ya nyumba za Serikali, akawa anambeba kumpeleka msalani, na watu walioona walishangaa mwanamume kufanya vile. Mlango ulibaki wazi. Somoe aliingia akitaka, akalala miguuni kwa mama yake, na mama hakumzuia tena kwa kiganja.

Asubuhi moja, baada ya kuoshwa, Mwanaheri alimshika Mwanakombo kwa mkono ule mmoja uliokuwa mzima.

"Umevunja kiapo kimoja. Nipe kingine, hiki usikivunje. Siku Somoe anachezwa unyago, somo wake atamfundisha kumtunza mume, kumtunza mtoto, kujisafisha. Yote hayo nilifundishwa na mie, na nikayajua vizuri. Hili hakuna aliyenifundisha. Umwambie. Na umwambie mbele ya wanawake, wasikie."

"Nitamwambia, dada."

"Watakuchukia."

"Nimeshazoea kuchukiwa."

Mwanaheri alitabasamu. Alifariki wiki ile, mchana, Shomari akiwa amemshikia kikombe cha maji mdomoni.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Wanaume walikaa barazani, wanawake uani. Dada yake marehemu, Bi Mwanahamisi wa Tandale, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti, na uchungu ulikuwa umemtafuna. Alisubiri dua iishe, akasimama.

"Mdogo wangu alikuwa mzima kama chuma," alisema. "Nataka nielezwe. Anaingia mke mdogo, mimba inamtoka, na mwenzake anaoza akiwa hai. Nani alikuwa anampikia? Nani alikuwa anamwosha? Macho yangu yanamwona aliyemla mdogo wangu, amekaa pale anakula pilau."

Mwanakombo aliganda, tonge mkononi. Hakuna mwanamke aliyemtetea. Waliokuwa karibu naye walisogea kidogo, ile kusogea ya kujifanya unanyoosha mguu. Apolonia alikuwepo, amekaa kwenye kona ya wageni, akafungua mdomo kusema, lakini kabla hajasema Shomari alitokea mlangoni mwa ua. Mwanamume kuingia uani kwa wanawake siku kama ile si jambo la kawaida.

"Shemeji," alisema, "mwache huyo. Hajamla mtu. Mke wangu alipata donge kwenye titi. Likiwa dogo alinishikisha kwa mkono wangu huu. Nikamwambia ni maziwa. Akaniamini. Kama unamtafuta mtu, nipo hapa."

Ungesema pamemwagwa maji ya moto. Wanawake walijifunika nyuso. Kufa ni kufa, lakini kulitaja titi la marehemu mbele ya kadamnasi, tena mume wake! Bi Mwanahamisi alimsogelea. "Hata maiti humsitiri?" alisema. "Hata maiti?" Hakusema tena habari za uchawi, lakini aliingia ndani, akamfungashia Somoe nguo zake, akamchukua Tandale siku hiyo hiyo. Shomari hakumzuia. Alisimama pale pale, mikono imening'inia, akamtazama binti yake anaondoka.

Waliobaki katika nyumba ile ni wawili, na hawakuwa na la kusemezana. Shomari alikuwa amemtetea Mwanakombo, na Mwanakombo alimshukuru; lakini kila alipomtazama alikumbuka punje ya choroko. Walikula pamoja, wakalala pamoja, wakaishi. Ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka uliofuata habari ikaja kwamba Somoe amevunja ungo, amewekwa ndani na anatolewa mwezi ule. Mwanakombo hakualikwa. Alichukua doti ya kanga, kwa kuwa hakuna anayeweza kumkataza mama mdogo kumpelekea mwali kanga, akatoka Temeke alfajiri, akaenda Tandale kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Chumba kilijaa wanawake. Somoe alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameinamisha kichwa, amepakwa liwa, ameng'aa, amekuwa mkubwa. Somo wake alikuwa katikati ya mafundisho. Mwanakombo aliweka kanga mapajani kwa mwali, akabaki amesimama.

"Nina neno la mama yake," alisema. "Nimeapa kulifikisha."

"Utalifikisha siku nyingine," alisema Bi Mwanahamisi.

"Alisema iwe siku kama ya leo." Na kabla hajakatazwa alijifungua kanga ya juu, akauweka mkono wake wa kulia juu ya titi lake mwenyewe, hapo mbele ya wote. "Somoe, mwanangu, nitazame. Kila ukimaliza hedhi, unajigusa hivi. Huku, na huku, na kwapani. Usiminye, unapapasa kama unatafuta mchanga kwenye mchele. Ukikuta kitu kigumu, hata kidogo, hata kama hakiumi, humwonei mtu haya. Huendi kubandika majani kwanza. Unakwenda hospitali siku hiyo. Mama yako alingoja kwa sababu ya aibu, na aibu haikumsaidia kitu."

"Unamfundisha maradhi siku ya furaha yake!" Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama, machozi yanamtoka. "Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Wanawake wawili watatu walianza kuguna naye. Mwanakombo alijifunga kanga. Alimtazama Somoe kwa mara ya mwisho. Mwali haruhusiwi kusema, na Somoe hakusema, lakini alikuwa ameinua kichwa, na mkono wake ulikuwa umeingia chini ya kanga, upande wa kushoto, unapapasa.

Akatoka. Alipita vibandani kwa wauza nazi, jua limeshakuwa kali, hajui kama amefanya jema au amemharibia mtoto siku yake. Alikuwa amefika barabarani aliposikia kandambili zinamkimbilia nyuma. Alikuwa mwanamke asiyemfahamu, kijana, ana mtoto mgongoni. Alikuwemo mle chumbani, karibu na mlango.

"Samahani, dada." Alitazama nyuma kwanza, kisha chini. "Ulisema hata kama haliumi?"

"Hata kama haliumi. Hasa kama haliumi."

Yule mwanamke alijigusa kifuani. Mtoto alikuwa anamvuta hereni, naye hakuhisi.

"Lina muda gani?" aliuliza Mwanakombo.

"Tangu huyu hajaanza kukaa. Mume wangu anasema ni maziwa."

Mwanakombo alifumba macho. Alipoyafumbua alinyoosha mikono, akamfungua mtoto mgongoni kwa mama yake, akambeba yeye.

"Jina lako nani?"

"Mwanaidi."

"Mwanaidi, Temeke yuko nesi mmoja, Mhaya, mikono yake haina haraka. Twende."

"Leo? Sijapika. Sijaaga."

"Leo," alisema Mwanakombo, akaanza kutembea na mtoto, na mama wa mtoto, asiyekuwa na jingine la kufanya, akamfuata.